WhatsApp kwenye Linux Mint: jinsi ya kuipa chumba chake

Steshenari yetu ya hapa Morogoro ina kompyuta tatu, na zote zinatumia Linux Mint, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Mbili ni laptopi za zamani zenye RAM ya GB 4, prosesa zake ni kuukuu kiasi kwamba Windows 11 haizikubali. Windows 10 ilipofika mwisho wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, sisi tulikuwa tumeshahama. Kilichotuhamisha ni virusi vya flashi. Mteja anachomeka flashi yake, anatoa kopi, anaondoka. Mteja wa pili akichomeka ya kwake, folda zake zote zinageuka shotikati na barua ya maombi ya kazi haifunguki. Tangu tuweke Mint hatujaliona tena tatizo hilo.

Swali lililobaki lilikuwa moja, na ndilo ninaloulizwa na kila mtu anayetaka kuhama: WhatsApp itakuwaje? Swali ni la haki. Kazi za steshenari siku hizi zinaingia kwa WhatsApp kuliko kwa flashi: CV, vyeti, kadi za michango ya harusi, fomu za chuo. Ukikosa WhatsApp kwenye kompyuta, umekosa kazi.

WhatsApp si programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, hauko wazi kwa mtu kuusoma, na kampuni inayoimiliki inatoa programu ya kompyuta kwa Windows na Mac tu. Linaniuma hilo, maana WhatsApp yenyewe ilikua ikiwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD na lugha ya programu ya Erlang, kazi za watu waliotoa jasho lao huria. Lakini wateja wako huko, na mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwahudumia bila kuuza uhuru wa kompyuta yake.

Kanuni yangu ni ya mgeni. Mgeni anakaribishwa, anapewa chumba, anapewa maji. Hapewi funguo za vyumba vyote.

Kwa nini kivinjari na si programu ya kusakinisha

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi wanakosea hapa.

Ukipakua faili la .deb, yaani faili la kusakinishia programu, kutoka tovuti usiyoijua na kulisakinisha kwa sudo, amri ya msimamizi wa mfumo, wakati wa kusakinisha linakuwa na mamlaka yote juu ya mashine. Likishaingia, programu hiyo inafanya kazi kwa jina lako: inaweza kusoma kila kilichomo kwenye folda yako ya nyumbani, yaani nyaraka za wateja, picha za watoto, hata maneno ya siri ambayo hayakufungwa vizuri. Hakuna anayekuuliza.

Ukurasa uliofunguliwa kwenye kivinjari hauna uwezo huo. Kivinjari, na hapa nasema Firefox au Chromium ambazo msimbo wake uko wazi, kinaufungia ukurasa ndani ya ukuta. WhatsApp inaona faili pale tu unapolichagua mwenyewe na kulituma. Inatumia maikrofoni pale tu uliporuhusu. Ukifunga dirisha, imelala. Kwa hiyo programu ambayo hatuwezi kuichunguza inakaa ndani ya programu tunayoweza kuichunguza. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu.

Hatua ya 1: saa na masasisho

Anza na saa. Laptopi yetu moja betri yake ndogo ya ubao, ile ya duara ya CR2032, ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika usiku, asubuhi tarehe inarudi miaka ya nyuma. Kivinjari kikiona tarehe ya uongo kinakataa vyeti vya usalama vya tovuti, kinaandika kuwa muunganisho si salama, na WhatsApp haifunguki. Nilipoteza nusu siku nikilaumu intaneti. Andika kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

timedatectl

Kama tarehe si sahihi, nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, washa saa ya mtandao, kisha nunua betri mpya. Bei yake ni ndogo na duka lolote la saa wanayo.

Baada ya hapo sasisha mfumo:

sudo apt update
sudo apt upgrade

Usiiruke hatua hii. Ukuta niliousema hapo juu unajengwa na kivinjari, na kivinjari kikizeeka ukuta unaingia nyufa.

Hatua ya 2: tengeneza chumba

Linux Mint tangu toleo la 20.1 inakuja na programu inayoitwa Web Apps. Ifungue kutoka kwenye menyu, bofya alama ya kuongeza, ujaze hivi:

Jina: WhatsApp
Anwani: https://web.whatsapp.com
Kivinjari: Firefox au Chromium

Ukichagua Chromium utaona swichi imeandikwa "Isolated profile". Hakikisha imewashwa. Maana yake ni kwamba WhatsApp itakuwa na wasifu wake peke yake: vidakuzi vyake, historia yake, ruhusa zake. Haitachangamana na kivinjari unachotumia kufungulia barua pepe au benki. Ukichagua Firefox, programu hii inatengeneza wasifu wa pembeni yenyewe.

Ukimaliza, WhatsApp inatokea kwenye menyu ikiwa na alama yake, na inafunguka kwenye dirisha lake kama programu nyingine yoyote. Wateja wengi hata hawatambui kuwa ni kivinjari.

Kama unatumia Linux za aina nyingine, kama Ubuntu, Debian au Fedora, na huna Web Apps, fungua Firefox, andika about:profiles kwenye sehemu ya anwani, tengeneza wasifu mpya na uupe jina la WhatsApp. Kisha uuanzishe kwa amri:

firefox -P WhatsApp --no-remote

Haipendezi macho kama ile ya Mint, ila ukuta ni uleule.

Kuna jambo la Ubuntu nilitaje upesi. Chromium yake inakuja kama Snap, yaani kifurushi cha programu kilichozungushiwa ukuta wake, na huenda ikashindwa kuona flashi uliyochomeka. Mteja anasubiri, wewe unatafuta faili na halionekani. Dawa yake ni hii:

sudo snap connect chromium:removable-media

Hatua ya 3: unganisha simu

Fungua WhatsApp mpya kwenye kompyuta. Utaona msimbo wa QR. Kwenye simu ya Android fungua WhatsApp, gusa vitone vitatu vya juu, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, kisha gusa kuunganisha kifaa na uelekeze kamera kwenye kioo cha kompyuta. Kwenye iPhone unaanzia kwenye mipangilio.

Kamera ya simu ikiwa imekufa au ina ufa, usihangaike. Chini ya ule msimbo kuna njia ya kuunganisha kwa namba ya simu: unaandika namba yako kwenye kompyuta, inakuonyesha msimbo wa herufi na tarakimu nane, unauandika kwenye simu. Hapohapo nikuonye: msimbo huo haupewi mtu yeyote. Akitokea mtu kwa ujumbe au kwa simu, akakusihi uandike msimbo wa tarakimu nane "ili uthibitishe zawadi", anaunganisha kompyuta yake kwenye akaunti yako.

Simu moja inabeba vifaa vinne vilivyounganishwa. Na tangu mpango wa vifaa vingi ulipoanza mwaka 2021, simu haihitaji kuwa hewani ili kompyuta ifanye kazi. Unaweza kuiacha nyumbani ikichajiwa. Sharti ni moja: simu isipotumika kwa siku 14, kompyuta zote zinatolewa na itabidi uunganishe upya.

Subiri dakika kadhaa mazungumzo yashuke. Kwenye bando dogo hatua hii inakula data, kwa hiyo ifanye ukiwa kwenye wifi au usiku kwenye bando la usiku.

Hatua ya 4: ruhusa, moja baada ya nyingine

Kivinjari kitakuuliza kuhusu arifa. Ruhusu, la sivyo hutajua mteja ametuma. Kitauliza kuhusu maikrofoni siku ya kwanza utakapobonyeza kurekodi ujumbe wa sauti. Kompyuta ya nyumbani, ruhusu kama unahitaji. Kompyuta ya dukani, mimi nimekataa. Maongezi ya wateja kaunta si ya kurekodiwa na kitu chochote. Kamera nimekataa pia. Simu za sauti na video ninazipigia kwenye simu yenyewe.

Ukikosea, bofya alama iliyo pembeni ya anwani na ubadilishe. Kwenye dirisha la Web Apps anwani inaweza kuwa imefichwa. Kama ulichagua Firefox, rudi kwenye Web Apps, hariri, uwashe upau wa urambazaji.

Halafu ndani ya WhatsApp yenyewe, kwenye mipangilio ya faragha, kuna sehemu ya kufunga programu kwa neno la siri. Iwashe. Ukiondoka kaunta kwenda kuweka karatasi kwenye printa, dirisha linajifunga. Ukisahau neno hilo, unatoka na kuskani upya. Hakuna kinachopotea kwenye simu.

Kwenye simu washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita. Hauhusiani na Linux moja kwa moja, lakini akaunti ikiibiwa upande wa simu, kompyuta yako safi haitakusaidia kitu.

Hatua ya 5: folda ya kupokelea kazi

Kivinjari kinaweka kila kitu kwenye folda ya vipakuliwa. Tengeneza folda ya kazi peke yake:

mkdir ~/Wateja

Kisha kwenye mipangilio ya kivinjari hicho cha WhatsApp elekeza vipakuliwa huko. Faida yake utaiona jioni. Nyaraka za wateja zina namba za NIDA, sahihi, matokeo ya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatugusa hata sisi wa maduka madogo, na hata isingekuwepo, cheti cha mtu ni siri yake. Mimi ninafuta kila kilichokaa siku mbili au zaidi. Kwanza ninaangalia orodha:

find ~/Wateja -type f -mtime +1

Nikiridhika hakuna kazi ambayo haijachukuliwa, ninarudia amri ileile na kuongeza neno la kufuta:

find ~/Wateja -type f -mtime +1 -delete

Amri hii haipitishi kwenye kapu la taka. Kikifutwa kimefutwa, kwa hiyo usiandike folda isiyo yenyewe.

Kama unataka alama pembeni ya saa

Upungufu wa njia ya kivinjari ni kwamba ukifunga dirisha, arifa zinakoma. Wapo wanaotaka WhatsApp ibaki chini kwa chini na alama ndogo karibu na saa. Kwa hao ipo ZapZap, programu huria inayofungua ukurasa uleule wa WhatsApp ndani ya dirisha lake. Inapatikana Flathub, ghala la mtandaoni la programu za Linux zinazofungashwa kwa mfumo wa Flatpak:

flatpak install flathub com.rtosta.zapzap

Flatpak nayo ina ukuta, ila ukuta wa Flatpak una madirisha ambayo mtengenezaji aliyaacha wazi. Yaangalie kabla hujaanza:

flatpak info --show-permissions com.rtosta.zapzap

Ukiona imepewa folda ambazo hutaki izione, ziondoe. Flatseal, programu nyingine ya Flathub, inakuonyesha ruhusa zote kwa swichi za kuwasha na kuzima, na kwa mtu asiyependa terminali ndiyo ninayompendekezea. Ukibana ruhusa, kuburuta faili kutoka kwenye flashi hadi kwenye dirisha kunaweza kukataa. Tumia alama ya kuambatisha badala yake, dirisha la kuchagua faili litaona kila mahali na kuipa programu lile faili moja tu.

Kwenye RAM ya GB 4, tumia njia moja, usiwashe zote mbili. Kila dirisha la WhatsApp linakula mamia ya megabaiti.

Nisizozipendekeza

Matoleo ya WhatsApp yaliyochakachuliwa, yale ya "GB WhatsApp" na ndugu zake, ambayo vijana wanapeana kwa sababu yanaonyesha ujumbe uliofutwa. Hapo unamwondoa mwenye nyumba unayemjua kidogo na kumweka usiyemjua kabisa, huku meseji zako zote zikipita mkononi mwake. Akaunti pia hufungiwa.

Viongezi vya Pidgin, programu huria ya kuchati, vinavyozungumza na seva za WhatsApp moja kwa moja ni kazi ya watu hodari, na moyoni niko upande wao. Lakini masharti ya WhatsApp hayaruhusu programu zisizo rasmi, na namba inaweza kufungiwa. Jaribu kwa namba ya pembeni ukipenda. Namba ya biashara iliyobandikwa mlangoni usiipeleke huko.

Kuendesha WhatsApp ya Windows kupitia Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, ni kupoteza muda.

Telegram na Signal, kwa ufupi

Hizi mbili zinatujali zaidi. Telegram ina programu rasmi ya Linux na msimbo wake uko wazi chini ya leseni huria ya GPL, ingawa seva zake zimefungwa. Ipo kwenye kisimamizi cha programu cha Mint. Ujue tu kwamba mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi kutoka mtu hadi mtu, yaani kwa namna ambayo aliye katikati hawezi kuyasoma, na yale ya siri hayapatikani kwenye programu hiyo ya kompyuta. Signal ina programu rasmi kwa Debian na jamaa zake, Mint ikiwemo, na mazungumzo yote yamefungwa kutoka mtu hadi mtu. Teknolojia yake ya kufunga ujumbe ndiyo hiyohiyo WhatsApp iliyokamilisha kuiweka mwaka 2016. Na kwa watu wa nyumbani, ndugu watano au sita mnaoelewana, hamieni Signal. Nimefanya hivyo na dada zangu na sijajuta.

Kompyuta ya watu wengi

Mwaka jana alikuja mama mmoja akiwa na haraka, anataka kuprinti barua. Simu yake haikuwa na waya, akaomba aunganishe WhatsApp yake kwenye kompyuta yetu. Tukaprinti, akalipa, akaondoka. Kesho yake asubuhi nawasha mashine, na dirisha likafunguka na maisha yake yote: kikundi cha familia, ugomvi wa kiwanja, picha za mgonjwa. Nilifunga macho na kulitoa. Nikampigia.

"Shikamoo mama. Jana uliacha WhatsApp yako wazi hapa dukani. Nimeshaitoa, lakini naomba uhakikishe kwenye simu yako."

"Marahaba mwanangu. Kwani bado ilikuwa inaingia?"

Hakujua, na wala si kosa lake. Kosa lilikuwa letu. Tangu siku hiyo hakuna mteja anayeunganisha akaunti yake kwenye mashine zetu. Anatuma kwenye namba ya duka. Asiye na bando tunampa waya wa USB, au anatumia LocalSend, programu huria inayorusha faili kutoka simu hadi kompyuta kupitia wifi ya duka bila kutumia hata senti ya data. Nayo iko Flathub na iko kwenye duka la programu la Android.

Ikitokea lazima mtu aunganishe, fungua kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Likifungwa, kila kitu kinafutika kwenye mashine. Bado mwambie aingie kwenye vifaa vilivyounganishwa na kuondoa jina la kivinjari hicho mbele yako.

Siku ikifungwa

Watumiaji wa Linux tumeshafundishwa hili mara kadhaa. Microsoft iliacha kutoa Teams ya Linux mwezi Desemba 2022 na kutuelekeza kwenye kivinjari. Skype, ambayo iliwahi kuwa na programu nzuri tu ya Linux, ilizimwa duniani kote tarehe 5 Mei 2025. Chochote kinachokaa ndani ya programu iliyofungwa, kimekaa kwa hisani ya mwenye nayo.

Kwa hiyo kila mwezi ninafanya jambo moja dogo. Kwenye simu ninafungua mazungumzo ya maana, ya msambazaji wa karatasi, ya mwenye nyumba, ya shule zinazotupa tenda, ninachagua kuhamisha mazungumzo, na ninayapata kama faili la maandishi la kawaida pamoja na viambatisho. Ninalihamishia kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Faili la .txt litafunguka miaka ishirini ijayo kwenye mashine yoyote. Namba za wateja nazo zimo kwenye daftari la LibreOffice Calc.

Na jioni, kabla ya kuzima, ninachukua simu ya duka na kufungua vifaa vilivyounganishwa. Panapaswa kuwa na mistari mitatu, kila mmoja na jina la kivinjari chake na muda uliotumika mwisho. Ikiwa mitatu, ninafunga. Ukizidi mmoja, ninaugusa na kuutoa kabla sijashusha mlango.